Bi Kristina Kitundu na Gesi Yenye Kiu

Bi Kristina Elia Kitundu, fundi sanifu wa maabara wa Shule ya Sekondari Mkengeta, anastaafu leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, siku anayotimiza umri wa miaka sitini. Aliripoti kazini Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1994. Ameitumikia shule hii, na shule hii peke yake, kwa miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na saba.

Wasifu huu umeandikwa kwa ajili ya kitabu cha ratiba ya sherehe, na utasomwa akiwa ameketi mbele yetu. Una kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga kwa furaha, maana ametupa furaha nyingi. Ya pili ni kusahihisha jambo moja. Ndani ya jalada lake la utumishi iliwekwa barua ya onyo ya tarehe 19 Agosti 2011, inayosema alifanya uzembe kazini. Ni barua pekee ya aina hiyo kwa miaka yote thelathini, na haikuwa ya haki, kwa sababu aliyefanya kosa alikuwa mtu mwingine. Haifai Bi Kristina atoke kwenye geti letu huku karatasi hiyo ikimfuata nyuma. Tutafika huko kwa utaratibu.

Aliajiriwa kama mhudumu wa kufagia. Maabara ya wakati huo ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na kabati ambalo ufunguo wake ulifungua pia ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama D ya kemia, na hajawahi kuificha. Wanafunzi waliokata tamaa na somo hilo aliwaambia, "Mimi mwenyewe nilipata D, na leo chupa zote hizi zinanitii."

Hazikumtii siku zote. Mwezi wa pili wa kazi yake, alipokuwa akifuta vumbi kabatini, alikuta chupa ya kahawia iliyobanduka karatasi yake ya jina. Akafungua kizibo akanusa moja kwa moja, kama mtu anayeonja harufu ya mchuzi. Ilikuwa amonia kali ya maji. Alikaa chini sakafuni, machozi yakimtiririka, pumzi imekatika. Alipoweza kusema, swali lake la kwanza kwa mwalimu aliyekuja mbio lilikuwa hili: "Huyu aliyenipiga anaitwa nani?"

Mwalimu alimtajia jina. Bi Kristina aliomba kitabu ili amjue vizuri. Alikisoma jioni baada ya kufagia, akarudia kurasa zile zile mpaka zikalegea. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2001 alikwenda masomoni, akarudi na cheti cha ufundi wa maabara. Tangu hapo chupa yoyote isiyo na jina haikulala kwenye kabati lake hata siku moja.

Wengi tuliosoma au kufanya kazi hapa tumejifunza kemia nyingi kutoka kwake, lakini amonia ndiyo alama yake. Kila mwaka, kidato cha pili walipoingia maabara mara ya kwanza, aliwauliza nani kwao wana zizi la mbuzi. Darasa zima likinyoosha mikono, aliendelea.

"Asubuhi ukifungua zizi, nini kinakupiga puani?"

"Harufu, mama!"

"Hiyo harufu ina jina?"

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

"Ina jina. Ni amonia. Mmeishi nayo tangu mmezaliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisalimia."

Baada ya hapo aliwaonyesha jinsi ya kuisalimia kwa adabu: chupa mbali na uso, kiganja kikipunga hewa kidogo kuelekea puani. Aliwafundisha kuitengeneza kwa kupasha moto mchanganyiko wa kloridi ya amonia na chokaa iliyozimwa. Aliwaeleza kwamba gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo chupa ya kuipokea huwekwa mdomo chini, nayo gesi hupanda na kujaa kuanzia juu. Aliwaonyesha karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa ikigeuka bluu, na kuwakumbusha kwamba karibu gesi nyingine zote wanazozijua huigeuza ile ya bluu kuwa nyekundu au haziigusi. Hii ni ya upande wa magadi na majivu. Na zaidi ya yote aliwafundisha kwamba inapenda maji kupita kiasi. Lita moja ya maji humeza karibu lita mia saba za amonia. Yeye aliisema kwa namna yake: "Huyu ana kiu kuliko ng'ombe wa Septemba."

Tunakumbuka pia moshi mweupe. Alichukua chupa mbili zilizo wazi, moja ya amonia na nyingine ya asidi ya haidrokloriki, akazisogeza midomo karibu. Papo hapo moshi mweupe mzito ulitanda kati yao bila moto wowote. Mwaka 2004 mwanafunzi mmoja aitwaye Laurenti, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alipiga kelele "Moto!" na kuruka nje. Darasa likamfuata, na darasa la pili likalifuata darasa. Kengele ikagongwa, na shule nzima ikapangwa mistari uwanjani kwa robo saa. Bi Kristina alibaki peke yake maabara na chupa zake mbili. Walipoanza kurudi mmoja mmoja kwa aibu, aliwaonyesha vumbi jeupe lililotua mezani. Ilikuwa kloridi ya amonia, chumvi ile ile inayotumika kuitengeneza. "Amezunguka kote," alisema, "amerudi nyumbani kwake." Laurenti leo ni dereva wa magari makubwa, na kila akipita hapa Iguguno hupiga honi mara mbili. Bi Kristina hujibu bila kutoka nje, "Moto umeshazimika!"

Kuhusu mrututu, yaani salfeti ya shaba, maelezo yake yalikuwa mafupi. Ukidondosha amonia kidogo kwenye maji yake, hutokea uji wa bluu hafifu. Ukiendelea kudondosha, uji unayeyuka na maji yote yanakuwa ya bluu iliyokolea sana. Kwenye mtihani baadhi ya wanafunzi waliandika kwamba rangi ile ni "bluu ya kitenge cha Mama Maabara cha Jumapili". Mwalimu alitaka kuwakata alama. Bi Kristina alikuja siku iliyofuata akiwa amekivaa, na alama zikarudishwa.

Jambo jingine lililomtambulisha ni ndoo ya macho. Tangu mwaka 2001 iko ndoo nyeupe yenye mfuniko kando ya mlango wa maabara, imejaa maji safi, na haiguswi kwa kazi nyingine yoyote. Mwaka 2006, wakati wa ukame, bwawa lilikauka na chai ya walimu ikasimama kwa siku nne. Mkuu wa shule wa wakati huo alituma birika maabara. Birika lilirudi tupu. Akaja mwenyewe. Bi Kristina alimsalimia vizuri, akamwekea kiti, akamwambia, "Mkuu, chai inaweza kusubiri mvua. Jicho haliwezi." Mkuu aliondoka na birika lake.

Tarehe 9 Oktoba mwaka uliofuata, siku ya joto kali, mwanafunzi Janeth alifungua chupa ya amonia kali ambayo haikuwa imepozwa kwa kitambaa chenye maji. Gesi ilikuwa imejikusanya ndani kwa joto, na chupa ikamrushia matone usoni. Bi Kristina alimfikisha kwenye ndoo kabla kizibo hakijaacha kuviringika sakafuni, akamshikilia kope wazi na kummwagia maji, kikombe baada ya kikombe, huku akihesabu dakika kwa sauti, mpaka gari la kumpeleka kituo cha afya lilipokuja. Janeth leo ni muuguzi mjini Singida. Anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na yupo hapa sherehani.

Elimu yake haikubaki ndani ya uzio wa shule. Mwaka 2014 mzazi wetu Mzee Philipo, mkulima wa mahindi na alizeti hapa Iguguno, alilalamika kwamba mbolea ya salfeti ya amonia aliyonunua ni feki. Alikuwa ameiweka vizuri shambani, lakini mahindi yalibaki ya njano. Bi Kristina alimfuata nyumbani. Alipofika stoo alisimama mlangoni, akanusa hewa mara moja.

"Shikamoo, Mzee Philipo. Hii mbolea umeichanganya na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeweka majivu kidogo, isigande. Na yanafukuza wadudu."

"Na yanaifukuza mbolea yenyewe. Hiyo unayoisikia puani ndiyo mahindi yako, yanapaa."

Mzee hakukubali kwa maneno. Bi Kristina alichukua kijiko cha mbolea na kijiko cha majivu, akavilowesha kwenye kibakuli, akaning'iniza juu yake karatasi nyekundu ya litmasi yenye unyevu. Iligeuka bluu mbele ya mzee, wake zake wawili na majirani. Alieleza kwamba majivu ni kama chokaa. Yakikutana na chumvi ya amonia penye unyevu, huifungua na kuiacha gesi iende zake. Tangu mwaka ule wakulima wa upande ule huweka majivu stoo ya peke yake na mbolea stoo ya peke yake. Mzee Philipo alileta debe la mahindi shuleni, akasema limetoka puani kwa Kristina.

Sasa tunafika mwaka 2011.

Wakati huo watahiniwa wetu wa kidato cha nne hawakufanyia hapa mtihani wa vitendo wa kemia. Walipandishwa lori alfajiri na kupelekwa shule nyingine, mwendo wa zaidi ya saa mbili. Walifika wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wakashika vyombo wasivyovizoea. Bi Kristina alikuwa ameomba kwa miaka sita maabara yetu ikubaliwe kuwa kituo. Hatimaye wakaguzi watatu walipangwa kuja kuiangalia Jumatano tarehe 17 Agosti, na maabara ikapewa dakika arobaini kwenye ratiba yao. Mwalimu wa kemia alikuwa amehamishwa mwezi Mei bila mwingine kuletwa, kwa hiyo onyesho zima lilikuwa mikononi mwa Bi Kristina.

Alichagua chemchemi. Chupa ya kioo yenye tumbo la duara hujazwa amonia, hufungwa kwa kizibo cha mpira chenye bomba jembamba la kioo, kisha huteremshwa ikiwa bado mdomo chini ili bomba lizame kwenye beseni la maji. Matone machache ya maji yakiingizwa ndani ya chupa kwa sindano, amonia yote huyakimbilia na kuyeyuka. Chupa hubaki karibu tupu, na hewa ya nje husukuma maji ya beseni yapande kwenye bomba na kuruka ndani kwa nguvu. Kwa kuwa litmasi ya maji ilikuwa imeisha, yeye aliyatia maji ya beseni rangi kwa choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Maji hupanda yakiwa mekundu, na ndani ya chupa hugeuka kijani. Anayeona mara ya kwanza hupiga kelele, hata awe na shahada.

Sharti ni moja: chupa iwe kavu kabisa. Maji yasiyojaza hata kijiko cha chai yanatosha kumeza gesi yote ya chupa ya nusu lita. Shule ilikuwa na chupa moja tu ya aina hiyo. Bi Kristina aliikausha kwa siku mbili, akailaza mdomo chini juu ya kitambaa safi, kisha asubuhi ile akaenda stoo kupima kloridi ya amonia na chokaa.

Wakati yuko stoo, karani wa shule aliingia maabara na jagi la maji na glasi za wageni. Karani huyo alikuwa na miezi miwili kazini. Alizaliwa Mgori, na kwao, kama ilivyo kwa wengi wetu, mgeni hapewi chombo ambacho hakijasuuzwa. Alisuuza glasi zote sita. Kisha akaiona chupa ya duara mezani, na upepo wa Agosti ulikuwa umeitupia vumbi. Akaona ni aibu wageni kutoka wilayani waonyeshwe chombo chenye vumbi. Akaisuuza ile chupa mara tatu, akaikung'uta, akaifuta nje kwa kitambaa cheupe mpaka ikang'aa, akairudisha mdomo chini kama alivyoikuta. Alitoka pale akiwa ameridhika sana na kazi yake.

Dakika chache baadaye wageni waliingia pamoja na Bi Kristina. Aliikuta chupa mahali alipoiacha, akaifunga kwenye nguzo yake, akawasha moto. Gesi ilitoka. Karatasi ya litmasi kwenye mdomo wa chupa iligeuka bluu, akaamini imejaa. Akafunga kizibo, akaiteremsha mpaka bomba likazama kwenye beseni, akaingiza matone kwa sindano. Maji mekundu yalipanda kwenye bomba kiasi cha vidole viwili. Yakasimama.

Tulisubiri. Mkaguzi mmoja, mtu mchangamfu, akasema, "Nafikiri chemchemi iko likizo." Wenzake walicheka. Mkuu wa shule wa wakati huo hakucheka.

Bi Kristina aliinua chupa kuelekea dirishani. Aliona vitone shingoni. Akaangalia jagi. Akamwangalia karani aliyesimama karibu na mlango na sinia lake. Halafu akawageukia wageni na kusema, "Chupa ilikuwa na unyevu. Kosa ni la maabara." Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha, na mchanganyiko pia ulikuwa umekwisha.

Wakaguzi waliandika kwamba tusubiri mwaka mmoja. Watahiniwa wa mwaka ule walipanda lori. Siku mbili baadaye Bi Kristina aliandikiwa barua ya onyo kwa "uzembe katika maandalizi ya vyombo". Aliyepiga chapa barua hiyo ni karani yule yule. Jina lake ni Fredrick Mughwai, na ndiye anayeandika wasifu huu. Kuanzia hapa itafaa niandike kwa nafsi yangu.

Nilimpelekea barua mwenyewe mchana wa tarehe 19. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesuuza, na kwamba naenda kumwambia mkuu. Alikuwa akipanga neli za majaribio. Hakugeuka.

"Uko kwenye matazamio, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ukisema leo, wanakurudisha Mgori kesho. Mimi nina miaka kumi na saba hapa, barua moja hainiangushi. Isitoshe mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Kaa utulie." Kisha akanyoosha mkono nyuma, bado bila kugeuka. "Una mwandiko mzuri. Niletee kalamu nene."

Akanitajia maneno, nikayaandika kwenye kipande cha mbao. Kibao hicho kinaning'inia maabara mpaka leo: GLASI YA MGENI HUSUUZWA. CHUPA YA AMONIA HAISUUZWI. Wanafunzi wa miaka kumi na minne wamekisoma na kucheka bila kujua kilitoka wapi. Mimi nimekipita kila siku ya kazi.

Aliniomba kitu kimoja tu badala yake: nije maabara kila Jumamosi asubuhi nijifunze kuitengeneza amonia, mpaka nijue kwa nini unyevu ule uliharibu onyesho. Nilikwenda Jumamosi thelathini na mbili. Chochote cha kemia kilichoandikwa humu sawasawa kinatokana na Jumamosi hizo; kama kuna kilichokosewa, ni changu.

Jumanne tarehe 17 Julai 2012 wakaguzi walirudi, akiwamo yule mchangamfu. Chupa ilikaushwa siku tatu na kufungiwa kabatini, na nyakati zote ufunguo ulikuwa shingoni mwa Bi Kristina. Matone yalipoingia, maji ya choya yalipanda kwa kishindo, yakagonga kitako cha chupa na kugeuka kijani machoni pa watu. Yule mkaguzi alisimama kwenye kiti chake. "Kumbe imerudi likizo!" alisema, na safari hii hata mkuu wa shule alicheka. Tukawa kituo. Kuanzia mwaka huo hadi mwaka jana, watahiniwa 611 wamefanya mtihani wa vitendo wa kemia hapa hapa, na lori halijaitwa tena.

Barua hata hivyo ilibaki. Nilipothibitishwa kazini mwaka huo huo nilimwendea tena. Alisema tumepata kituo, na kwamba akianza kudai habari ya barua watu wataongelea barua. Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili. Mara tatu baada ya hapo, mwaka 2012, 2013 na 2014, jina lake lilipelekwa ili apandishwe cheo, na mara tatu lilirudishwa kwa sababu ya onyo hilo. Majibu yale yalipita mikononi mwangu. Mwaka 2011 alininyamazisha yeye. Miaka iliyofuata nilinyamaza mwenyewe, na sina wa kumsingizia.

Jumatatu tarehe 14 Aprili mwaka huu niliketi kupanga jalada lake la kustaafu, ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika folio ya 47, yaani ukurasa wa barua ile ya onyo, niliacha kazi. Wiki iliyofuata, tarehe 22, niliandika maelezo yangu kurasa tatu, yenye tarehe zote, na kumpelekea mkuu wetu wa sasa, Mwalimu Theresia Mkoma. Aliyasoma mara mbili.

"Miaka kumi na minne, Fredrick?"

"Kumi na mitatu na miezi minane, mkuu."

"Nenda kayapige chapa. Yanakwenda wilayani leo."

Jibu lilifika Jumatano tarehe 18 Juni. Onyo limefutwa. Folio ya 47 imetolewa, na mahali pake ipo karatasi yenye mistari minne, inayosema kwamba kosa la tarehe 17 Agosti 2011 halikuwa la Bi Kristina Kitundu, na inataja lilikuwa la nani. Nimepewa na mimi barua yangu ya onyo, nayo imewekwa folio ya kwanza iliyofuata kwenye jalada langu. Nafasi tatu za cheo alizokosa hazitarudi, na hakuna karatasi itakayozirudisha. Jina lake limerudi.

Bi Kristina, haya ya mwaka huu unayasikia leo kwa mara ya kwanza. Tulikuficha kwa sababu tulijua ungetuzuia. Barua halisi ya onyo iko kwenye bahasha ya kahawia juu ya meza yako, na ni mali yako. Wengine wamependekeza uichome, wengine uiweke kwenye fremu. Mzee Philipo ameomba tu usiichanganye na majivu.

Saa nane kamili tutaingia maabara. Funguo zitapokewa na Aneth Gunda, aliyekuwa mwanafunzi wako wa kidato cha nne mwaka 2015 na sasa ni fundi wetu mpya. Ataifanya chemchemi mbele yako. Chupa imekaushwa tangu Alhamisi, na ufunguo wa kabati uko shingoni mwake. Mimi sijaigusa. Nimepewa kazi ya glasi, na nitazisuuza zote mbele ya wageni, nikianza na yako.

Baada ya hapo unakwenda kwenye ekari zako tatu za alizeti na zizi lako la mbuzi kumi na saba. Shule ya Sekondari Mkengeta inakushukuru kwa macho uliyoyaokoa, kwa mtihani uliouleta nyumbani, na kwa jina la gesi ambayo tungeishi nayo bila kuisalimia. Uwe na afya, uwe na mvua za wakati wake. Na kila asubuhi ukifungua zizi, harufu ile ikikupiga puani, tusalimie kwake.

Fredrick Mughwai
Karani wa Shule